Suluhu Isiyouliza Aliyepiga

Mwanamke wa Misigiri anayepigwa na mumewe hukutana na watu wengi kabla ya kumwona polisi. Humwona mama yake. Humwona shangazi, au somo aliyemfunda siku za harusi. Huwaona wazee wa ukoo wa pande zote mbili, kwa sababu kuna ng'ombe waliotolewa na hakuna anayewasahau. Humwona mzee wa kanisa wa mtaa wake, kisha mwinjilisti, kisha mchungaji. Akiwa Mwislamu humwona imamu, na baadaye shehe wa kata. Wote hao humpokea vizuri. Humpa kiti na maji ya kunywa, humsikiliza mpaka machozi yakauke, na wengi wao wanampenda kweli. Kisha humrudisha.

Sura hii inahusu kurudishwa huko. Sura zilizotangulia zilizungumzia pombe, wivu, umaskini na malezi ya mvulana anayekua akimwona baba akimpiga mama. Mambo hayo humfanya mtu ainue mkono. Hapa nataka kutazama kinachotokea baada ya mkono kushuka: nani huitwa, anasema nini, na kwa nini mwanamke aliyetoka saa nne usiku na mtoto mgongoni huonekana kesho kutwa yuko jikoni kwake, akichochea uji, kana kwamba alikwenda kusalimia tu.

Misigiri ni njia panda. Barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega na Mwanza huachana hapa na ile ya Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba. Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo hupita usiku na mchana kabla ya kuteremka Mlima Sekenke kuelekea Shelui na mbuga za Wembere. Ukiacha maduka ya barabarani unaingia nchi ya Wanyiramba: alizeti, mtama, vitunguu, kuku wa kienyeji, na nyumba za ibada. Misheni ya Leipzig ya Wajerumani ilianza kazi Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na katika miaka ya 1920 Walutheri wa Augustana kutoka Marekani wakaishika. Waliacha makanisa, shule na hospitali, na waliacha pia namna ya kuitazama ndoa. Wakatoliki nao wapo, na misikiti ipo tangu zamani kandokando ya njia za biashara, na miaka ya karibuni makanisa ya Kipentekoste yameongezeka kila mahali palipo na turubai na spika. Madhehebu haya yanabishana juu ya ubatizo, juu ya pombe, juu ya Bikira Maria na juu ya mwezi wa Ramadhani. Juu ya ndoa yanapatana kuliko yanavyokubali: mume ni kichwa, mke ni mtiifu, na kilichofungwa mbele za Mungu hakifunguliwi.

Nakieleza kikao kama kinavyoendeshwa mahali pengi katika nchi yetu. Watu watano au sita huketi sebuleni kwa mzee. Mmoja hufungua kwa sala. Mwenyekiti hutangulia kusema, "Tumekuja kujenga, hatukuja kubomoa," na kuanzia sentensi hiyo uamuzi umeshatoka, kwa kuwa kila atakachosema mwanamke baadaye kitapimwa kwa swali moja: kinajenga au kinabomoa? Akisema amepigwa, amebomoa. Akisema anasamehe, amejenga. Mume hupewa nafasi. Anakiri, kwa sauti ya chini, kwamba shetani alimpitia. Wazee hutikisa vichwa kwa huruma. Kisha mmoja humgeukia mke: "Na wewe, mama, mdomo wako tunaujua. Mwanamume akirudi amechoka, si lazima ujibu kila neno." Kosa limegawanywa sawasawa, nusu kwa aliyepiga na nusu kwa aliyepigwa. Wanapeana mikono. Wanaombewa. Mwisho hukumbushwa kwamba ya ndani yasitoke nje.

Angalia kisichoulizwa. Hakuna aliyeuliza alipigwa na nini. Hakuna aliyeuliza ni mara ya ngapi, kama alipigwa akiwa mjamzito, kama alikabwa shingo, kama watoto waliona, kama kuna panga ndani ya nyumba. Muuguzi mwenye mafunzo huuliza maswali hayo kwanza, hasa la kukabwa shingo, maana ni dalili kwamba maisha ya mwanamke yako hatarini. Kikao cha wazee huyaona kama uchochezi. Kazi yake ni ndoa, na ndoa haina damu wala mbavu; ndoa ni jambo lililovunjika linalohitaji kuunganishwa. Mwili wa mwanamke ulioko mbele yao haumo katika ajenda.

Hapo ndipo imani ya kihafidhina inapofanya kazi yake nzito. Sisemi kwamba mhubiri anayefundisha utii wa mke anawatuma wanaume wakapige. Wahubiri wengi wakisikia shutuma hiyo hukasirika, na wana haki ya kukasirika. Nasema kwamba mafundisho hayo, yakifika kwenye kikao, hupanga nani aeleze na nani ajieleze. Kama mume ni kichwa, kipigo chake ni kichwa kilichokosea, jambo la kurekebishwa kwa upole. Kama mke ni mtiifu, kuondoka kwake ni uasi, jambo la kutubiwa. Kama ndoa haivunjiki, basi jibu halali ni moja tu hata kabla ya kusikiliza ushahidi. Mzee wa kanisa anaweza kuwa mtu mwema kuliko wote kijijini, na bado wema wake ukapita katika mfereji huo huo.

Kuna ushahidi mwingine ndani ya makanisa yetu usiohitaji mtafiti. Tazama nani hutengwa. Katika sharika nyingi binti akizaa kabla ya ndoa hutengwa na Chakula cha Bwana. Wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa hutengwa. Anayeoa mke wa pili hutengwa. Mwanamke aliyeachana na mume akaolewa na mwingine hutengwa, mpaka siku atakapotubu na kurudi kundini. Je, ni nani umewahi kumwona akitengwa kwa kumpiga mkewe? Mtu aliyempiga Ijumaa hushika sahani ya sadaka Jumapili. Sidhani kwamba kuna kikao kilichoketi kikaamua iwe hivyo. Ni kwamba nidhamu ya kanisa ilijengwa kulinda umbo la ndoa, na kipigo hakiharibu umbo hilo. Wawili bado wanalala nyumba moja, cheti bado kiko kwenye sanduku, kwa hiyo hakuna dhambi inayoonekana kwa macho ya utaratibu. Anayeharibu umbo ni yule anayefungasha nguo.

Na sasa Maandiko, kwa sababu hakuna mazungumzo ya jambo hili Iramba yatakayofika popote bila Maandiko. Nawaheshimu wanaoyashika. Ninacholalamikia ni kwamba yanasomwa nusu.

Waraka kwa Waefeso, sura ya 5, husomwa katika karibu kila harusi ya Kikristo. Usomaji huanzia mstari wa 22, unaowaagiza wake kuwatii waume. Mstari wa 21, unaowaagiza waamini wote, waume wakiwemo, wanyenyekeane wao kwa wao, huachwa nje ya mlango. Na sehemu ndefu kuliko zote ya kifungu hicho ni agizo kwa mume: ampende mkewe kama mwili wake mwenyewe na kujitoa kwa ajili yake hadi kufa. Paulo anatumia mistari mingi zaidi kumfunga mume kuliko kumfunga mke. Ni mwanamume gani aliyeitwa kwenye kikao akaulizwa kwa nini hajajitoa?

Malaki 2:16 ndio mstari wanaoambiwa wanawake wanaotaka kuondoka: Mungu anachukia kuachana. Soma mpaka nukta. Sentensi ile ile inamlaani mtu anayelifunika vazi lake kwa udhalimu, na nabii anazungumza na wanaume wa Yuda waliowatenda kwa hila wake wa ujana wao. Onyo lililoandikwa kumlinda mke limegeuzwa kufuli la kumfungia ndani.

Wakorintho wa Kwanza, sura ya 7, hutumika kumwambia mke kwamba mwili wake si wake. Mstari huo huo, bila hata kupumua, unasema mwili wa mume nao si wake. Sura ile ile, mistari michache mbele, inazungumzia mke aliyekwisha kuachana na mumewe na kumwekea masharti: akae bila kuolewa au wapatane. Hata Paulo, ambaye hakuna anayemwita mpenda mabadiliko, alijua kuwapo kwa mwanamke aliyeondoka, na hakuagiza arudishwe usiku huo.

Kwa Wakatoliki jambo hili limeandikwa wazi kuliko waumini wengi wanavyojua. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, inasema kwamba mwenzi anayemtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya mwili au roho anampa huyo mwingine sababu halali ya kuondoka. Na kama kungoja kibali kuna hatari, anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Hiyo si talaka, kifungo cha sakramenti kinabaki, lakini ni ruhusa ya kulala mahali salama. Papa Fransisko katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016 alikwenda mbali zaidi: alisema kwamba kutengana huwa hakuepukiki pale mtu anapotendewa ukatili, na mara nyingine huwa ni wajibu wa kimaadili. Nimewauliza wanawake Wakatoliki, walimu wa katekisimu miongoni mwao, kama waliwahi kusikia habari ya kanuni hiyo. Wanashangaa. Mafundisho ya ndoa huwaeleza kwamba hakuna talaka, kisha huishia hapo.

Waislamu wana aya ya 34 ya Surat An-Nisaa, inayotajwa na kila mume anayetaka ruhusa. Wanazuoni wameijadili kwa karne nyingi na kuiwekea mipaka mizito: baada ya nasaha, baada ya kuhama kitanda, bila kuumiza, bila kugusa uso, na wengi wao wakaona kuacha kabisa ndiko bora. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha kwamba Mtume hakuwahi kumpiga mwanamke kwa mkono wake. Aya inayofuata, ya 35, inaagiza wateuliwe waamuzi wawili, mmoja wa jamaa za mume na mmoja wa jamaa za mke. Hiyo ni mahakama ndogo yenye mwakilishi wa mwanamke ndani yake, na ni haki kubwa kuliko anayopata mke katika vikao vingi ambako kila aliyeketi ni rafiki wa mume. Fiqhi ya Kiislamu inajua pia khului, mke kujivua kwa kurudisha mahari, na kuvunjwa kwa ndoa na kadhi kwa sababu ya madhara. Milango ipo. Mwanamke haonyeshwi.

Msomaji ataniuliza kama wanawake wenyewe si wahubiri wa uvumilivu huu. Ndio, ni wahubiri, na takwimu zinauma. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015 hadi 2016 uliwauliza Watanzania kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu yoyote kati ya tano: akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kuaga, asipowatunza watoto, akimnyima unyumba. Wanawake 58 kati ya 100 walikubali angalau sababu moja. Wanaume waliokubali walikuwa 40. Katika utafiti huo huo wanawake 40 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15. Katika utafiti uliofuata, wa mwaka 2022, walikuwa 27.

Wapo wanaozichukua namba hizo kuthibitisha kwamba wanawake ni adui zao wenyewe. Mimi nazisoma tofauti. Mwanamke anayeishi katika nyumba ambayo hawezi kuondoka hana budi kuipa maana. Akiamini kipigo kina sababu, basi anaweza kukizuia kwa kutounguza ugali, kwa kuaga kila anapokwenda kisimani, kwa kunyamaza. Imani hiyo inampa kitu cha kufanya. Akiamini kipigo hakina sababu, amebaki na mtu anayeweza kumuua siku yoyote, na mchungaji aliyemwambia avumilie. Kisha anazeeka, anaheshimiwa, anaalikwa kumfunda bibi harusi kwenye kitchen party, na anamwambia alichoambiwa yeye: mwanamke mpumbavu huibomoa nyumba yake kwa mikono yake. Anasema kwa upendo. Amefika uzeeni, na anadhani uvumilivu ndio uliomfikisha. Waliofia njiani hawaalikwi kuzungumza.

Mmoja aliyefia njiani tunamjua hata huku. Osinachi Nwachukwu wa Nigeria, ambaye sauti yake katika wimbo Ekwueme imepigwa kwenye makanisa ya Afrika nzima, alifariki Abuja tarehe 8 Aprili 2022. Awali zilisambaa habari kwamba aliugua saratani ya koo. Kisha familia yake ikajitokeza kueleza miaka ya mateso katika ndoa, na kwamba walipomsihi aondoke alikataa kwa sababu aliamini Mungu hapendi talaka. Mwezi Aprili 2025 mahakama mjini Abuja ilimtia hatiani mumewe, Peter Nwachukwu, na kumhukumu kunyongwa. Mwanamke huyo hakukosa fedha ya nauli. Hakukosa ndugu wa kumpokea. Alikosa mtu mwenye mamlaka ya kiroho ambaye angemwambia mapema, na kwa sauti iliyozidi ile ya mahubiri yote aliyokwisha kusikia, kwamba Mungu hatamhesabia dhambi akitoka.

Kwa upande wa sheria, Tanzania ilisema mapema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka ili kuondoa shaka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo, hata kama mila inasema vingine. Ilikuwa miaka 10 tu baada ya Uhuru. Sheria hiyo hiyo inasema kutolipwa mahari hakubatilishi ndoa, na inaorodhesha ukatili wa mwili na wa akili miongoni mwa mambo yanayothibitisha kwamba ndoa imevunjika. Ilikuwa sheria ya kijasiri. Lakini kifungu cha 66 hakikuweka adhabu. Anayetaka mumewe ashtakiwe hana budi kwenda kwenye Kanuni ya Adhabu, kwenye makosa ya kushambulia na kudhuru mwili, na mpaka leo Tanzania Bara haina sheria mahususi ya ukatili wa majumbani. Juu ya unyumba wa nguvu, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilimlinda mke pale tu wanapokuwa wametengana. Katika hilo Bunge na mimbari walisema kitu kimoja.

Na kuna umri. Sheria ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, na mvulana 18. Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu hivyo akashinda mwaka 2016. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye na kuagiza sheria ibadilishwe. Nalitaja hapa kwa sababu utii unaofundishwa kwa binti wa miaka 15 mbele ya mume wa miaka 30 hauwezi kuitwa utii wa mke. Ni utii wa mtoto.

Sehemu ya sheria iliyo karibu zaidi na kikao cha sebuleni ni kifungu cha 101. Kwa kawaida hakuna anayeruhusiwa kufungua shauri la talaka mahakamani bila kwanza kupeleka mgogoro kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na baraza hilo kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kila kata inatakiwa kuwa na baraza, na waziri anaweza kulitambua pia baraza la jumuiya, likiwemo la kidini. Nia ilikuwa njema: ndoa zisivunjwe kwa hasira ya siku moja. Lakini tazama matokeo yake kwa mwanamke aliyevunjwa taya. Serikali inamrudisha kwa watu walewale, au kwa ndugu zao wa kiimani, na inawapa ufunguo. Wasipotoa hati, hana shauri. Na wapo wanaoamini kwa dhati kwamba kutoa hati hiyo ni kushiriki dhambi ya kuvunja ndoa, kwa hiyo hupanga kikao kingine, na kingine, wakingoja Roho amguse mume.

Polisi nao, pamoja na kuwa na Dawati la Jinsia na Watoto, hukutana na mwanamke huyo akiwa ameshachujwa. Akija kuchukua fomu ya PF3 ili akatibiwe na jeraha liandikwe, mara nyingi nyuma yake kuna mtu aliyemwambia aseme ameanguka. Karatasi hiyo inaogopwa kuliko jeraha lenyewe, kwa sababu jeraha hupona na karatasi huenda mahakamani. Mzee anayemshauri asiichukue anadhani anaiokoa familia isipoteze baba. Huenda anaokoa pia jina la kanisa, hasa mume akiwa mwanakwaya au mtoa zaka mzuri.

Kuna hofu ya njaa vilevile, na imani huivalisha joho. Mwanamke wa Misigiri analima shamba la mume, katika ardhi ya ukoo wa mume, na mavuno ya alizeti yanauzwa kwa jina la mume. Akiondoka anaondoka na kitenge. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, uamuzi ambao mawakili wanautegemea mpaka leo. Ajabu ya shauri hilo ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgawo, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe za kufanyia biashara alizitapanya. Kanuni ilishinda, mwanamke akatoka mikono mitupu. Wake wengi hawajasikia hata hiyo kanuni. Wanachosikia ni kwamba Bwana atawapigania, nao watanyamaza kimya.

Nataka niwe mwadilifu kwa dini, kwa sababu nimeona pia kinyume chake. Wapo wanaume waliookoka wakaacha pombe, na kipigo kikaondoka pamoja na chupa. Hilo ni kweli, na mke wa mtu kama huyo ana sababu ya kumshukuru Mungu kwa sauti. Tena wanaume wasiokanyaga kanisani wanapiga sana. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Tanzania mwaka 2001 na 2002 ulikuta wanawake 41 kati ya 100 waliowahi kuwa na mwenzi Dar es Salaam, na 56 kati ya 100 mkoani Mbeya, wametendewa ukatili wa mwili au wa kingono na mwenzi wao. Namba kama hizo hazitengenezwi na mahubiri peke yake. Ila pombe inapobaki, au mtu anapopiga akiwa amefunga na kusali, mke wake hana pa kushika. Ameshauriwa aombe. Ameomba. Anaambiwa aongeze imani, na kipigo kinachofuata kinakuwa ushahidi wa upungufu wake.

Jirani zetu wametuonyesha kwamba imani ile ile inaweza kuvuta upande wa pili. Kampala, shirika la Raising Voices lilibuni mpango wa SASA!, ambamo majirani, wauza duka, polisi na viongozi wa dini walizungumza kwa miaka kadhaa juu ya nguvu: nani anayo, anaitumiaje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba katika mitaa iliyoshiriki, kipigo cha mwenzi katika mwaka uliotangulia kilikuwa chini kwa asilimia 52 kuliko katika mitaa ambayo haikushiriki. Baadaye, mwaka 2016, Raising Voices na shirika la Trócaire wakatoa toleo la SASA! Faith, kwa ajili ya makanisa na misikiti, lililoanzia kwenye Biblia na Kurani zenyewe. Mwanza, shirika la Kivulini limekuwa likifanya kazi kama hiyo tangu mwaka 1999. Hakuna anayemwambia muumini aache kuamini. Kinachobadilika ni swali linaloulizwa kwanza kikaoni.

Kwa Misigiri mimi naanzia kwenye jambo dogo linalowezekana wiki hii, bila kungoja Dodoma. Kosa la jinai halipatanishwi sebuleni. Mzee wa kanisa, shehe, balozi wa nyumba kumi, wote wanaweza kubaki na ndoa mikononi mwao, waiombee, waishauri, waipatanishe ikipatanishika. Lakini taya lililovunjwa lipelekwe hospitali na polisi kwanza, na kikao kisikae mpaka mwanamke awe amelala mahali salama, na ndani ya kikao aketi mwanamke mwingine aliyechaguliwa naye. Mume ajibu kabla ya mke kuulizwa lolote: ulimpiga na nini, mara ngapi, watoto walikuwa wapi. Na usharika unaomtenga binti kwa mimba hauna sababu ya kushindwa kumtenga mume kwa ngumi.

Baraza la kata nalo lina kazi isiyohitaji sheria mpya. Kifungu cha 101 kina njia ya pembeni: mahakama inaweza kupokea shauri bila usuluhishi ikiridhika kwamba kuna mazingira ya pekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane, na mwanasheria wa msaada wa kisheria anapaswa kuijua njia hiyo kwa moyo. Kwa mashauri mengine, hati ya baraza hutakiwa kueleza lilichokiona, na ikishatolewa ina miezi sita tu ya kutumika mahakamani. Wajumbe wengi huandika kwamba wanandoa wameshindwa kuelewana, maneno yanayomfaa hata aliyegombana juu ya chumvi. Waandike kwamba mke alipigwa, tarehe fulani, kwa fimbo au kwa waya, kwamba mume alikiri mbele ya mwenyekiti, na namba ya PF3 ni hii. Hakimu wa Kiomboi akiisoma karatasi ya namna hiyo ana ushahidi wa ukatili mkononi, umetiwa saini na wazee wa dini ya mume mwenyewe.